Chaki kwenye Tangi la Kushoto

9 Januari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeanza kukuachia upumue. Mama ameniambia umehamia chumba cha nyuma, kile alichowekea baba vifaa vyake, kwa sababu ngazi za kwako zimekushinda. Nimefurahi. Tangu nihame hakuwa na mtu wa kumgombeza.

Habari za simu tuziache, hunisikii. Mara ya mwisho nilipokupigia ulinijibu, "Sitaki bima, nakaribia kufa," ukakata. Kwa hiyo naandika, nawe utasoma kwa lenzi yako taratibu.

Habari kubwa ni kwamba chuo kimenipa mashua, tena ile ile ya baba. Tangu alipofariki chuo chetu cha ubaharia kimekuwa kikiitumia kuwazungusha wanafunzi hapa ghubani, mwendo wa nusu siku, basi. Wanaiita Mama Mkwe, maana upepo ukigeuka kidogo tu mbao zote zinaanza kunung'unika. Sasa chuo cha visiwa vya ng'ambo kimeiomba, na mimi ndiye nitakayeivusha mwishoni mwa Aprili. Tukijaliwa ni siku kumi na nane, kupitia ukanda ule ule wa joto ambako upepo unaweza kufa wiki nzima na bahari ikalala kama kioo.

Tuko wanne. Fundi Tanga ni mama wa miaka hamsini na kitu, anashona turubai kwa sindano iliyopinda na kutukana kwa ulimi ulionyooka. Mpishi hajawahi kutoka nje ya ghuba. Wa tatu tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Wa nne ni mimi.

Kwenye boksi la baba nimekuta daftari la maandalizi ya safari yake ya mwisho. Kila kazi imeandikwa na sahihi ya aliyeifanya. Ukurasa wa maji ni mwandiko wako: "Tangi la kulia: siku tatu, halijashuka. Tangi la kushoto: siku tatu, halijashuka." Halafu sahihi yako ya kialimu, ile yenye mkia mrefu. Nimecheka peke yangu.

Katika wote walioiandaa safari ile umebaki wewe tu. Naomba uniandikie kila unachokumbuka.

Mwanao


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliipata mapema, ila kuandika kwangu siku hizi ni mistari mitano kisha kulala. Usihesabu siku, mkono ndio mzito.

Shemeji hajambo. Goti lake linamtabiria mvua kila wiki na kila wiki linakosea, lakini bado analiamini kuliko redio. Hiki chumba cha kaka ni kizuri. Misumari yake ya kutundikia vifaa bado iko ukutani, safu mbili, na juu ya kila msumari ameandika kwa penseli kinachokaa hapo. Randa. Nyundo ndogo. Msumeno wa chuma. Nikilala ninaisoma. Sina kingine cha kusoma nikiwa chali.

Umeuliza ninachokumbuka. Viatu: mtu asitembee sitahani miguu mitupu baada ya saa nne asubuhi, mbao zinachoma nyayo hadi zinatoka malengelenge. Kofia ziwe na ukingo mpana na kamba ya kufungia kidevuni, la sivyo siku ya kwanza zote zitakwenda kwa samaki. Turubai jeupe la kivuli lifungwe juu ya usukani. Nguo zisifuliwe kwa maji ya bahari zikavaliwa bila kukung'utwa, chumvi inakwangua makwapa. Upepo ukifa, mpe kila mtu kazi, hata ya upuuzi. Baba yako aliwahi kumwambia baharia mmoja ahesabu mafundo yote ya mashua, akamaliza, akaambiwa kuna moja amelisahau. Watu hawagombani wakiwa na kazi.

Maji: beba madumu kumi ya ziada hata kama hayana pa kukaa. Tangi lijaribiwe tena.

Mengine yamenitoka. Uzee ni kama ubao wa darasani baada ya kengele.

Baba yako mdogo


20 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia misumari ipo. Nilikuwa nikikatazwa kuigusa.

Barua yako tumeisoma kwa sauti hapa uwanja wa matengenezo, mashua ikiwa juu ya magogo na sisi tukipaka rangi chini yake. Viatu na kofia tumeandika. Habari ya mafundo Kimya ameipenda mno, nasi tumeipenda zaidi kwa sababu tumeshajua kazi ya kumpa.

Madumu kumi yametushinda. Fundi Tanga kauliza, "Huyo mzee anataka tusafiri au tukafungue kibanda cha maji?" Kila pembe imejaa matanga ya akiba, vyakula na vyombo vya chuo cha kule. Na haina haja, kwa sababu matangi tumeyajaribu. La kushoto lilikuwa halijajazwa miaka yote hii, safari za ghubani hazikulihitaji. Tumeliosha, tumelijaza, tukachora alama ya chaki kwenye mrija wa kioo unaoonyesha kimo cha maji, tukaliacha siku tatu. Halikushuka hata unywele. Ukurasa wako unasema kweli hadi leo, Mwalimu.

Tutaanza na la kulia, la kushoto liwe akiba, kama alivyofanya baba.

Ila umeniandikia kurasa mbili za viatu na kofia, na sentensi mbili za maji. Nakuelewa. Najua hutaki kumsema marehemu kaka yako. Mimi ni mtu mzima sasa, nimesoma taarifa ya uchunguzi. "Uzembe wa nahodha katika kugawa maji." Aliacha watu waogee akiba. Nilikuwa na miaka saba, nikienda bombani na ndoo wenzangu wanapiga kelele, "Fungeni maji, binti wa Nahodha anakuja!" Mama akaiondoa picha yake ukutani akasema kioo kimepasuka. Hakikupasuka. Nilikitazama.

Basi sijichoshi kumtetea. Nataka tu nivushe watu wangu salama, na nikifika nijue moyoni kwamba mimi si nahodha wa aina yake.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Leo salamu nitazifupisha. Nikianza na goti la mama yako nitamalizia na kifua changu, na ukurasa utaisha tena bila mimi kusema. Barua ya Februari niliiandika mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na ukweli, nikazichana. Iliyokufikia ni ya nne.

Tangi la kushoto linavuja. Lilivuja wakati ule, na nilijua.

Baba yako alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuandika popote, kwa kuwa kila aliyefanya naye kazi aliujua: tangi halijaribiwi mashua ikiwa nchi kavu. Juu ya magogo mashua imepumzika. Ikiingia majini na mzigo ukaingia ndani, mbao zinajinyoosha, na chuma kilichofungwa kwenye mbao hizo kinavutwa nazo. Hapo ndipo mshono unapofunguka. Kwa hiyo mzigo kwanza, kisha maji, kisha chaki, kisha siku tatu hakuna anayegusa bomba. Jaribio lako la magogoni halijakuonyesha kitu. Rudia ikiwa majini, imepakiwa yote. Kama ni sentensi moja tu utakayoisoma katika barua hii, iwe hiyo.

Sasa lililobaki.

Nilikuwa likizo ya shule. Walinipa kazi ya maji kwa sababu ndiyo kazi ya asiyejua kazi: kujaza, kuchora, kusubiri. Mabaharia walinitania kila wakipita. "Mwalimu, maji yamefaulu au yanarudia darasa?" Siku ya pili nikashuka na tochi, tangi la kushoto limeshuka vidole viwili. Nikajiambia mashua imelala upande, maana asubuhi ile walihamishia magunia ya mchele kulia. Nikakokotoa hadi kichwani ikatoka sawa. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, najua kufika kwenye jibu ninalolitaka. Nikachukua ndoo nikajaza hadi penye alama.

Siku ya tatu lilikuwa limeshuka tena, na hakuna gunia lililosogezwa. Nikafuta chaki kwa kidole gumba, nikachora mstari mpya pale maji yalipokuwa.

Lile la magunia lilikuwa kosa. La chaki halikuwa kosa. Naomba uyatenganishe, maana mimi nimetumia miaka thelathini na moja kuyachanganya.

Kwa nini? Ningesema, sakafu ingebomolewa, tangi litolewe, wiki mbili safari isimame, na watu waseme Mwalimu kaleta mkosi. Ni hivyo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi, sijaipata.

Nikiwa bado nimepiga magoti pale, baba yako akaja nyuma yangu. "Vipi maji, mdogo wangu?" Nikasema, "Yamefaulu, kaka." Akanipiga begani akacheka, akapanda juu. Mwanangu, yule mtu alikuwa akikagua nyuma ya kila mtu. Fundo la baharia wa miaka ishirini kazini alilifungua akalifunga upya. Mrija wangu hakuutazama.

Wao waliondoka, mimi nikarudi darasani. Walikunywa la kulia siku kumi na sita, kwa kipimo, kikombe kwa kikombe. Upepo ukafa. Wakafungua la kushoto, halikuwa na tone. Maji yote yalishavujia ngamani, lile shimo la chini kabisa, yakachanganyika na ya bahari, yakapigwa pampu nje siku hadi siku bila mtu kujua anamwaga nini. Baba yako aliugawa unyevu wa mwisho kwa wenzake wawili na hakujihesabu. Meli iliwakuta siku ya ishirini na moja. Yeye alikuwa ameshatangulia siku mbili.

Wale wawili walisema kwenye kikao cha uchunguzi kwamba hakuna aliyeligusa la kushoto. Wakaambiwa wanamlinda nahodha wao. Kisha nikaitwa mimi, mtu msomi, suti na tai. Swali lilikuwa moja: "Tangi lilikuwa zima?" Nikajibu, "Zima. Sahihi yangu hiyo hapo." Baada ya jibu hilo ikabaki kutafuta nani alikoga.

Hakuna aliyekoga.

Ningeweza kumwomba mama yako akupigie simu leo hii, aseme tu usiamini tangi la kushoto. Angeniuliza kwa nini. Ndiyo sababu unapata barua. Asubuhi hii amenikata kucha, ameshika mkono wangu karibu na dirisha aone vizuri, kidole kwa kidole. Alipofika kwenye gumba nilitazama ukutani.

Baba yako mdogo


30 Machi

Mwanangu,

Siku kumi na tisa, kimya. Labda umekasirika, na hiyo ni haki yako, au labda barua haijafika, na hilo ndilo linaloninyima hewa. Kwa hiyo narudia kwa ufupi. Jaribu tangi la kushoto mashua ikiwa majini na mzigo wote ndani. Linavuja. Nilijua. Baba yako hakuzembea.

Kama ulishaipata ya kwanza usijibu. Ila usiondoke.

Daktari amekuja, amesikiliza mgongo wangu akatoka kuzungumza na shemeji uani. Wanadhani nikiwa kiziwi wa simu basi na nyuso zao sizisomi.

Baba yako mdogo


12 Aprili

Baba Mdogo,

Barua zako mbili nimezipata siku moja. Ofisi ya chuo ilikuwa imeweka ya kwanza kwenye sanduku la idara ya upishi. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na tangi.

Tuliishusha mashua, tukapakia kila kitu hadi sufuria ya mwisho, tukajaza, tukachora. Niliwaambia watu wangu sababu. Kimya hakusema neno kutwa nzima, Mpishi akadhani anaumwa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili vidole viwili.

Tumebomoa sakafu. Ufa uko nyuma, upande usioonekana, kwenye mshono, urefu wa kiganja. Tangi linatolewa, litachomelewa upya na kufungwa upya. Safari imesogezwa hadi katikati ya Mei. Fundi Tanga ameupima ule ufa kwa kiganja chake, akasema, "Mwambie mzee madumu yake nimeyapatia nafasi. Nimetupa nusu ya nguo za Kimya."

Sasa mimi.

Nanawa uso kwa kikombe kimoja cha maji. Hadi leo, hata hotelini. Mpishi ananitania, nami humwambia ni mazoea ya bahari. Si mazoea ya bahari. Ni ule umri wa miaka saba na ndoo bombani. Nilimchukia baba kwa sababu ya maji, na nilipoacha kumchukia nilibaki namdharau, nikaona hiyo ndiyo busara. Nawe ulikuwepo. Ulikuja kila Jumapili, ukanifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Ukatazama pengo pale ukutani ilipokuwa picha, ukasema, "Endelea, swali la tano."

Nina sharti. Sing'oi nanga hadi mama ajue, na sitamwambia mimi. Kule kikaoni ulisema kwa mdomo wako mwenyewe, basi na hili liseme kwa mdomo wako mwenyewe. Ukinyamaza, mashua itakaa gatini, nami nitawaambia chuo kwa nini.

Sikuandika shikamoo hapo juu. Nakuarifu ili usidhani nimesahau.


24 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko utauona si wangu. Mkono wa kulia umekataa tangu wiki iliyopita, kalamu inaanguka nami nimeitazama tu. Anayeandika ni mama yako. Nilimwambia nina barua ngumu na ninataka aandike kila nitakalosema. Akanijibu, "Sema. Nilikuwa karani wa vizazi na vifo miaka kumi na miwili, nimeandika vifo vya watu wengi tu."

Basi andika, shemeji.

Yale maji ya tangi la kushoto hayakuogewa na mtu. Mume wako aliyagawa ya kulia kikombe kwa kikombe hadi mwisho. Tangi lilikuwa linavuja. Mimi ndiye niliyelijaribu, nikaona linashuka, nikafuta chaki nikachora nyingine, nikaweka sahihi. Akaniuliza nikamdanganya. Kikaoni wakaniuliza nikawadanganya. Wewe hukuniuliza kamwe, shemeji, na wewe ndiye niliyekudanganya siku nyingi kuliko wote.

(Hapa niliweka kalamu chini. Mama.)

Amerudi. Amekaa uani nadhani muda wa kuiva chungu cha maharage. Amerudi na chai, kikombe kimoja, anakunywa yeye. Andika hivyo hivyo, shemeji: kikombe kimoja. Sawa.

Mwanangu, sharti lako nimelitimiza kwa namna ninayoweza. Nilitaka kumwambia bila karatasi. Siku nne nilifungua mdomo, ikatoka habari ya dawa. Nikaona nikisema kama naamuru barua nitafika mwisho, kwa kuwa barua ina mwisho.

Sina ombi. Nenda salama. Mrija wako utazame kila asubuhi, na anayekuambia maji yamefaulu, shuka ukaone.

Baba yako mdogo


Mwanangu,

Sasa ni mimi. Yeye amelala, au amefumba macho, siku hizi ni kitu kimoja.

Nimeandika alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Barua zako amenipa, nimezisoma zote. Nilipomaliza nilimuuliza jambo moja tu. Nikamwambia, "Jumapili zote zile ulizokula kwangu, ulikuwa ukionja chakula?" Akasema, "Hapana." Hilo nimelisadiki.

Nimechoka, mwanangu, zaidi ya hasira. Hasira ningeijua pa kuiweka. Nimefua mashati ya mtu huyu tangu ahamie hapa. Jana nimeyafua tena, kwa sababu yalikuwa machafu, na kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

Picha ya baba yako nimeitoa kabatini. Unasema kioo hakikupasuka, kumbe ulikitazama. Nimeitundika chumba cha nyuma, kwenye msumari wa randa, mbele ya kitanda. Nimemwelekezea kichwa kwenye mto aione vizuri. Nikimpelekea dawa nami naitazama. Tunakaa hivyo, watatu.

Tangi likirudi, lijaze mashua ikiwa majini. Chora chaki wewe mwenyewe, kisha Fundi Tanga akague nyuma yako, naye akaguliwe na Kimya. Siku ya tatu niandikie maji yamefika wapi. Ujibu kwa jina langu, nitamsomea.

Ondokeni Mei, nimeridhia. Uoge kabla ya kupanda, ndoo nzima, ujimwagie.

Shikamoo usimwandikie bado. Nitakuambia lini. Nitajitahidi nisichelewe, maana daktari amesema hana siku nyingi, na akiondoka kabla hatutakuwa na pa kuipeleka.

Mama